Mguu Juu ya Gunia la Pili

Mimi Nurys Polanco ndiye ninayeshona magunia ya uwanja wa besiboli wa Jagual, vile vituo vya mchanga wanavyokanyaga wakimbiaji, na mimi ndiye mwamuzi wake. Nasema hivyo mapema ili mtu asije akaniuliza nimepata wapi ubavu wa kusema. Miaka ishirini na mitatu nimesimama kwenye vumbi lile kila Jumapili. Nimetukanwa na watu wa kambi zote za miwa kuanzia hapa hadi mtoni, na neno langu sijalibadili hata siku moja. Mtu akiwa nje, yuko nje. Akiwa salama, yuko salama. Wanaume wanne wamewahi kunikunjia ngumi, na wote wanne mpaka leo wananiletea suruali zao niwashonee.

Sasa, kutobadili neno ni jambo la kujivunia kama ulisema sawa. Mimi kuna siku nilisema ovyo, nikaushikilia uovyo wangu miaka kumi na tisa.

Ilikuwa fainali ya kambi, sisi Jagual na wenzetu wa Cuatro Palmas. Nne kwa nne, awamu ya tisa na ya mwisho, sisi ndio tunapiga. Wetu wawili walikuwa wameshatolewa, na akitolewa wa tatu zamu yetu imekwisha. Tulikuwa na mkimbiaji gunia la tatu, anayengoja tu kurudi nyumbani, kwenye kituo cha mpigaji, atupatie pointi. Gunia la pili alisimama mdogo wangu Radhamés, mguu ameukandamiza pale utadhani amegundishwa. Mpigaji wetu akautandika mpira, ukaja ukiparaza ardhi moja kwa moja kuelekea kwa Fausto Berroa, mlinzi wa Cuatro Palmas. Fausto alikuwa hatua mbili nyuma ya gunia lile, glavu ameshaifungua. Kabla haujamfikia, mpira ukampiga Radhamés kwenye muundi, ukaruka, ukaenda zake majanini. Wa gunia la tatu akakimbia nyumbani huku anapiga vigelegele kama mama wa bibi harusi. Uwanja mzima ukaruka juu.

Fausto akanijia mbio, mishipa ya shingo imemtoka. "Nje! Mkimbiaji kaguswa na mpira, yuko nje! Mpira umekufa pale pale! Pointi hakuna!"

"Mguu wake uko juu ya gunia," nikamwambia.

"Hata ungekuwa juu ya madhabahu!"

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Mimi sikucheka. Nilikuwa mwanamke peke yangu kati ya wanaume hamsini, na nilijua kabisa kwamba nikirudi nyuma hatua moja siku ile, watanirudisha mpaka jikoni. Kitabu cha sheria sikuwa nacho, wala kambini hakuna aliyekuwa nacho. Nilikuwa na yale tuliyocheza barabarani utotoni, mpini wa fagio ndio gongo na kifuniko cha dumu la maji ndio mpira, ambapo ukishakanyaga kituo chako hakuna wa kukugusa. Nikainua mkono, nikasema kwa sauti ambayo sikujua kama ninayo: "Gunia ni ngome! Pointi ni halali! Jagual wameshinda!"

Basi ikawa sheria. Kambi zote zikaifuata. Watoto wakawa wanaimba "gunia ni ngome" hata wanapocheza kombolela. Fausto hakukubali. Alibisha kwenye foleni ya maji, alibisha nje ya kanisa, alibisha kwenye matanga ya shangazi yake mwenyewe, maiti bado iko sebuleni. Watu wakambandika jina: Fausto Madhabahu. Vijana ambao hata hawakuwa wamezaliwa siku ile walimkuta njiani wakamwuliza, "Mzee Madhabahu, mkimbiaji yuko wapi?" kisha wakajijibu wenyewe, "Yuko nje!" na kutimka. Mwisho wake akanyamaza kimya. Kwangu hakukanyaga tena. Nguo zake akawa anapeleka mjini, mabasi mawili kwenda na mawili kurudi, kwa fundi asiyejua hata kukunja pindo.

Mwaka huu, wiki ya Pasaka, binti yangu Yajaira alinitumia kifurushi kutoka New York. Sabuni, soksi, na katikati ya soksi kitabu cha sheria za besiboli, kwa lugha yetu wenyewe. Ameandika ndani: "Mama, sasa acha kubuni." Mtoto huyo mdomo wake ni wangu, siwezi kumlaumu.

Nilikuwa nimebandika wali. Nikakaa kwenye kiti cha cherehani, nikafungua nianze kucheka makosa ya wengine. Nikafika kwenye ukurasa wa mkimbiaji na mpira uliopigwa. Mkimbiaji akiguswa na mpira huo ndani ya mistari, kabla haujamgusa wala kumpita mlinzi, yuko nje. Mpira umekufa. Hakuna anayefunga pointi. Nikatafuta neno la kumwokoa aliyekanyaga gunia. Nikasoma mara ya pili kwa kidole, mara ya tatu kwa sauti. Ametajwa chini yake kwa mpira mmoja tu, ule wa juu unaowaangukia walinzi mikononi. Kwingine kote gunia ni gunia, nguo iliyojazwa mchanga, tena niliyoshona mwenyewe!

Wali uliungua, ukoko ukawa mkaa. Nikaula hivyo hivyo, kwa kuwa nilistahili.

Kesho yake nilichukua pikipiki mpaka Cuatro Palmas. Nilishapiga moyo konde: namwambia Fausto ana kwa ana, yaishe. Nilipofika kwenye ukuta wake nikamwona uani anacheza domino na wazee watatu, anacheka. Miaka mingi sikuwa nimemwona akicheka. Nikajiambia nitaharibu mchezo wao bure. Uongo mtupu. Niliona haya, nikamwambia dereva ageuze. Njia nzima nilijitukana, mpaka dereva akauliza kama namtukana yeye.

Kisha ikaja fainali, na nani tena? Jagual na Cuatro Palmas, kwetu. Kwa upande wetu kocha sasa ni Radhamés, kitambi mbele, kikombe cha mwaka ule bado amekiweka dukani kwake juu ya jokofu. Kwa upande wao kocha ni Fausto, na mchezaji wake bora ni mjukuu wake Yeuri, kijana wa miaka ishirini, miguu mirefu, adabu tele. Alipita mbele yangu akainamisha kichwa. "Naomba baraka, Mama Nurys."

"Mungu akubariki, mwanangu," nikamjibu, kama tunavyojibu.

Makocha wawili wakanijia kabla ya kuanza, ndiyo desturi. Nikawaambia ya kila siku: mpira ukiingia kwenye miwa mpigaji anapewa magunia mawili, mbuzi akiingia uwanjani mchezo unasimama.

"Lingine?" akauliza Radhamés.

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Kitabu kilikuwa mfukoni, kinanichoma paja.

Fausto akanitazama. Miaka kumi hakuwa amenisemesha. "Sheria ni zile zile?"

"Sheria ni za kitabu," nikasema.

"Kitabu gani, dada?" Radhamés akaangua kicheko. "Kitabu si ndiye wewe?"

Nami nikamwacha acheke, nikajificha nyuma ya kicheko chake. Nilikula kiapo kimoja tu moyoni: likitokea lile jambo leo, nitalisema lilivyo, limpate atakayempata. Nikadhani nimejikomboa. Kumbe!

Lilitokea awamu ya tisa. Sisi tunaongoza tatu kwa mbili, Cuatro Palmas wanapiga. Wawili wao wameshatolewa. Mmoja yuko gunia la tatu, Yeuri yuko gunia la pili. Kwa kuwa naamua peke yangu, nilikuwa nimesimama nyuma ya mrushaji, hatua nane kutoka kwa Yeuri. Mlinzi wetu alikuwa anamnyemelea kwa nyuma, kijana akarudi kwenye gunia, akakanyaga.

Mrushaji akarusha. Gongo likalia. Mpira ukaja chini, mkali, unamwendea mlinzi wetu aliyekwisha kupiga goti kuudaka. Na Yeuri aliuona! Angeruka, ungempita chini ya miguu. Hakuruka. Alikaza mguu juu ya gunia, akafumba macho, akaungoja. Ukampiga pajani, pah! Ukarukia kule kusiko na mtu. Wa gunia la tatu akaenda nyumbani, Yeuri naye akafumbua macho akatimua, akazunguka, akaingia. Nne kwa tatu. Watu wa Cuatro Palmas wakamwagika uwanjani na masufuria yao.

Mkono wangu ulikuwa juu tangu mpira ulipomgusa. Nilikuwa nimeshapiga kelele, ila hakuna aliyesikia. Nikapiga tena.

"Nje! Mkimbiaji kaguswa, yuko nje! Mpira umekufa! Pointi hakuna! Mchezo umekwisha, tatu kwa mbili, Jagual!"

Toba! Masufuria yakanyamaza, halafu yakaja maneno.

"Mama Nurys, hayo ni macho au vifungo?"

"Ngome imebomoka lini?"

"Kwa mdogo wako ngome, kwa mjukuu wa mwenzio gunia! Mwizi we!"

Na ndipo nilipoona shimo nililojichimbia. Mara ya kwanza nilisema salama, Jagual ikashinda. Leo mambo yale yale, mguu ule ule, gunia lile lile, nimesema nje, Jagual imeshinda tena. Mtu yeyote mwenye akili timamu angeniita mwizi. Mimi mwenyewe ningejiita.

Radhamés akanirukia, akanikumbatia. "Dada, umetuokoa!"

"Niondolee mikono."

Akainamia sikio langu, jasho linamtiririka. "Nisikilize. Watakuuliza kuhusu mguu. Sema ulinyanyuka. Kidole tu, dada, sema aliinua kisigino. Nani ataapa? Ya leo yanakwisha, na yale ya zamani yanabaki yalipo."

Sitadanganya, nililiona hilo neno likinijia mdomoni jepesi kabisa. Kisigino kilinyanyuka. Maneno mawili. Lakini nilimtazama Yeuri, amesimama nyumbani na alama nyekundu pajani inavimba, analia kwa hasira: "Mguu ulikuwa juu ya gunia! Naapa kwa mama yangu, sikuutikisa!" Alikuwa anasema kweli, na macho yangu yaliona. Nikimwita mwongo, jina lile atatembea nalo miaka mingapi? Babu yake alitembea na lake kumi na tisa.

"Nenda kakae, Radhamés," nikamwambia. "Kakae kabla sijakutia aibu mbele ya mkeo."

Na hapo watu wakapisha njia. Fausto alikuwa anakuja.

Hakuja mbio kama zamani. Goti moja ni bovu sasa. Alikuja polepole, kofia mkononi, na watu wake wakawa wanamwita, "Mwambie, mzee! Mpe za uso!" Akasimama mbele yangu, karibu kabisa. Nikasikia harufu ya kahawa.

"Mguu wake ulikuwa wapi?" akauliza.

"Juu ya gunia."

"Umeona?"

"Nimeona. Hakuutikisa hata kidogo."

Minong'ono ikapita. Radhamés akajishika kichwa.

"Na umesema nje," akasema Fausto.

"Nimesema nje."

"Miaka kumi na tisa, Nurys, nimekula jina la madhabahu kwa sababu ya gunia hilo. Nilibisha mpaka nikachoka. Mwisho nikasema, basi, kama ndiyo sheria yao nitaitumia. Nimemfundisha mtoto huyu mwenyewe."

"Ndivyo, babu!" Yeuri akapaza sauti. "Ulisema akiamua Mama Nurys tukanyage, tusitikisike, mpira utupige! Nimefanya ulivyosema!"

"Umefanya, mwanangu." Hakuniondolea macho. "Nilitaka siku moja nikushinde kwa maneno yako mwenyewe. Leo imefika. Sasa niambie kwa nini yuko nje."

Nilikuwa nimeshachoka kukimbia ukuta wa nyumba yake.

"Kwa sababu mpira ulimgusa kabla haujamfikia mlinzi. Gunia haliokoi mtu."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla hatujazaliwa, mimi na wewe." Nikatoa kitabu mfukoni, nikakishika juu. "Siku ile Radhamés alikuwa nje. Wewe ulisema kweli. Mimi ndiye niliyekosea. Na leo nilitakiwa kuwaambia kabla hatujaanza, nikaona haya. Hilo nalo ni kosa langu."

Akaweka kiganja sikioni.

"Masikio yangu yamezeeka," akasema. "Sikusikia vizuri. Na wale waliokaa juu ya ukuta wa uwanja hawakusikia kabisa."

Alikuwa amesikia vizuri sana. Hata hivyo nilikwenda. Kwenye kona ya uwanja mwenye kilabu huwa ameweka spika zake kubwa kama makabati, anapiga muziki katikati ya awamu. Nikamnyang'anya kipaza sauti.

"Nisikilizeni, wa huku na wa kule," nikasema, na sauti yangu ikarudi kutoka kwenye miwa. "Gunia si ngome. Halijawahi kuwa ngome. Mimi nililibuni hilo kwa kutojua, kisha nikaling'ang'ania kwa kiburi. Yeuri hakunyanyua mguu, mtu asimwite mwongo. Ila yuko nje. Na mwaka ule, hapa hapa, Radhamés Polanco alikuwa nje. Pointi ile haikuwa pointi. Jagual hatukushinda. Fausto Berroa alisema kweli siku ile, na amesema kweli siku zote, nasi tumemcheka. Anayetaka mwamuzi mwingine Jumapili ijayo na amlete, magunia nitamshonea. Nimemaliza."

Nikangoja mawe. Watu wa Jagual walinitazama kama mtu aliyemwaga maji ya kisima. Mmoja akanizomea, mwenzake akamfinya akanyamaza. Radhamés alitupa kofia chini, akaenda zake dukani bila kuaga. Hata leo hajanisemesha, atakuja akishikwa na njaa.

Watu wa Cuatro Palmas ndio waliochangamka. "Basi ya leo mtupe sisi! Mwaka ule mlituibia, leo mtulipe!" Wakamzunguka Fausto, wanamvuta mikono. Angesema neno moja tu, wangenibeba mimi na spika wakatutupa mtoni.

Fausto akajitoa mikononi mwao, akachechemea mpaka gunia la pili. Akalitazama. Akaligusa kwa ncha ya kiatu.

"Yuko nje," akasema.

"Babu!"

"Yuko nje, wametolewa watatu, mchezo umekwisha. Kusanyeni magongo."

Yeuri akamfuata, machozi na vumbi usoni. "Kwa hiyo tumeshindwa?"

"Leo tumeshindwa." Mzee akamshika mjukuu wake shingoni, akamvuta karibu. "Mwaka ule hatukushindwa. Umesikia? Mwaka ule hatukushindwa."

Kisha akaketi pale pale juu ya gunia, mzee wa miaka sitini na mbili, akafunika uso kwa kofia, akalia waziwazi mbele ya kambi mbili. Mabega yalimtikisika. Vijana wa Jagual waliokuwa wakimtania barabarani walikuwa pale, hatua tatu, na midomo yao. Hakuna aliyemwita Madhabahu. Mmoja alimletea maji.

Nilikaa vumbini kando yake, sikujua nifanye nini na mikono yangu. Niliona mshono wa gunia umefumuka upande mmoja, mchanga unavuja, nikaukandamiza kwa kidole gumba. Tulikaa hivyo mpaka magari ya Cuatro Palmas yakaanza kupiga honi kumwita.

Akajifuta uso, akainuka kwa shida, akiegemea bega langu bila kuomba ruhusa. Akaanza kuondoka. Halafu akageuka, akanyanyua mguu mmoja, akanionyesha pindo la suruali yake lililoning'inia nyuzi.

"Huyo fundi wa mjini," akasema, "hajui kazi."

"Miaka yote nimeliona," nikamwambia. "Limekuwa likiniuma macho."

"Jumatatu nitaileta."

"Zilete zote," nikasema.